Kinshasa Ni Chungu Kimoja cha Maharage

Ninyi vijana mnanichekesha sana. Juzi, kwenye kibanda cha kuchajia simu hapa Masisi, mmoja wenu aliinua simu yake na kunisomea kwamba kutoka Goma mpaka Kinshasa kwa ndege ni kilomita elfu moja na mia tano na zaidi, mwendo wa saa mbili na nusu. Kisha akaniangalia kana kwamba ameniletea habari za mbinguni. Nikamwambia, "Mutoto yangu, zamani ile simu njo nilikuwa mimi."

Sikuwa natania. Miaka mingi niliuza tikiti za ndege, kwanza Mubi, kule msituni Walikale, halafu hapa hapa Masisi, mahali ambapo ndege tunaiona tumbo tu inapopita juu ya mashamba. Watu waliniita Mama Tikiti, na jina limenigandia. Hata kanisani, siku ya kusoma majina ya waliochangia mahindi, wanasoma "Mama Tikiti" na hakuna anayeuliza ni nani. Sasa nimestaafu, magoti yamestaafu kabla yangu, lakini mdomo bado unafanya kazi. Kwa hiyo kaeni.

Mubi ndege zilikuwa zinatua barabarani. Sisemi kando ya barabara. Palikuwa na kipande cha lami katikati ya msitu, kimenyooka kuliko vingine, na hicho ndicho kilikuwa kiwanja chetu. Mlio ukisikika juu, watu wanapiga filimbi, pikipiki zinajitupa pembeni, mbuzi wanafukuzwa kwa mawe, na mama mwenye ndizi anaburuta beseni lake huku akilaani. Ndege inashuka, inapakua sabuni na bia, inapakia magunia na watu, inaondoka. Vumbi halijatulia, mama amesharudisha ndizi zake pale pale kwenye lami. Nilimuuliza siku moja kwa nini asiuzie mahali pengine. Akanijibu kwamba ndege ndiyo iliyomkuta pale, basi ndege ndiyo ihame.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Kasereka, mkubwa wa wapakiaji. Alikuwa na mizani moja tu, ile ya magunia, na abiria naye alipanda humo humo. Akina mama walikuwa wanaona haya kutajiwa kilo zao mbele ya watu. Papa Kasereka aliwaambia, "Mama, ndege haina mambo ya sura. Inataka kujua tu uzito." Lakini alikuwa na adabu yake: mama mnene alimtajia kilo kwa kumnong'oneza, mwanaume mnene alimtajia kwa sauti ya kengele.

Alikuja mfanyabiashara mmoja akiwa amevaa suruali tatu, mashati sijui mangapi, na koti la baridi juu yake, ili begi lake lionekane jepesi. Mubi, ninyi mnajua joto lake. Mimi nilikuwa mgeni wa kazi nikataka kugombana naye. Papa Kasereka akanivuta mkono. Akamwambia yule bwana kwa upole, "Patron, ndege imechelewa kidogo, kaa pale." Na pale palikuwa juani. Hatukuhitaji kusema neno lingine. Nguo moja moja zilirudi begini zenyewe, na begi likarudi kwenye mizani.

Sheria yake kubwa ilikuwa hii: abiria mwambie saa ya kupanda tu. "Saa ya kufika iko ya Mungu na pilote," alisema, "na wale babili habakuambiaka kitu." Nyingine nilijifunza mwenyewe. Usile maharage asubuhi ya safari, maana angani tumbo linavimba na jirani yako hana mlango wa kutokea. Masikio yakiziba, meza mate, usipige kelele kwamba umekuwa kiziwi. Na mtu wa mara ya kwanza usimkalishe dirishani karibu na bawa. Atalitazama likitikisika njia nzima, na akishuka atamwambia kila mtu kwamba alilishikilia kwa macho lisianguke.

Sasa kuna mzee mmoja wa Buleusa ambaye lazima niwaambie, kwa sababu mwanawe ndiye aliyenitia katika kisa kikubwa cha maisha yangu. Tulimwita Papa Justin, kwa jina la huyo mwanawe. Huyu alitembea siku nzima na nyingine tena kuja Mubi, amefunga chakula cha njia kwenye majani, chikwange ya muhogo, samaki, ndizi za kuchoma, akapanda ndege kwenda Goma. Alirudi juma lile lile, akashuka kwenye ndege amenuna.

"Mama Tikiti, mulinidanganya."

"Papa, nini tena?"

"Safari iliisha mbele sijakaa muzuri. Ile chakula sikuifungua hata. Nilifunga macho kwa kusali, kufungua, banasema tunashuka! Mimi sijashiba. Munirudishe kule juu kidogo."

Papa Kasereka aliketi juu ya gunia akacheka mpaka akashika mbavu. Mzee hakuwa anacheka. Kwake yeye safari ni kitu kinachochosha, na kama hakikuchosha, basi alipunjwa. Nilimpa soda, akainywa polepole sana, nafikiri ili angalau kitu kimoja siku ile kichukue muda wake.

Miaka ilipita, nikahamia Masisi, nikafungua meza yangu ya tikiti kando ya duka la dawa. Justin, mwana wa yule mzee, naye akakua, akaenda Kinshasa, akawa fundi wa mafrigo na mashine za baridi. Akarudi Goma kwa likizo, akaingia kanisani, na kwenye kwaya akamwona msichana wa Nyamitaba aitwaye Espérance. Likizo ile iliongezwa mara mbili. Mwisho wake, wazee wa Buleusa walipanda mpaka Nyamitaba kuomba mke.

Baba wa msichana, Papa Espérance, hakukataa na hakukubali. Aliwakaribisha wageni chakula, akasema yeye ana swali la kuuliza mahali. Kesho yake alishuka Masisi na fimbo yake, mabuti yake ya mvua, akasimama mbele ya meza yangu.

"Mama Tikiti, Kinshasa iko mbali namna gani?"

Nilikuwa nimejifunza kwamba mtu akiuliza umbali, haulizi kilomita. Anayekwenda kuzika na anayekwenda kuoa hawaendi mji mmoja, hata wakikaa kiti kimoja. Kwa hiyo nilimuuliza, "Papa, unataka kwenda kufanya nini?"

"Siko naenda. Nataka kujua vile mutoto atarudia."

"Kurudi kusalimia?"

"Kurudi na hasira."

Hapo nikaelewa, na ninyi wa mjini nitawaelezea. Huku kwetu milimani kuna desturi tunaiita kwahukana. Mume akimuudhi mke kupita kiasi, mke anabeba mtoto mgongoni, anarudi kwa baba yake. Hapigi kelele, hatafuti hakimu. Anakaa kwao, anakula, anangoja. Mume anaona nyumba imepoa, anaona aibu, anakuja na pombe na wazee, anakalishwa chini, anaambiwa ukweli wake mbele ya watu, anaomba msamaha. Ndipo mke anarudi, tena kichwa juu. Ndoa nyingi za huku zimetengenezwa na ile njia, hata zile za watu mnaowaona wamekaa kiti cha mbele kanisani.

Papa Espérance aliniambia, akiwa amesimama vile vile, kwamba dada yake mkubwa aliolewa mbali, kule ng'ambo ya msitu, wakati hakuna ndege wala pikipiki. Watu walipokea ng'ombe, wakafurahi. Miaka mingi baadaye wakasikia kwamba alikuwa anapigwa, na kwamba alikuwa ameshazikwa.

"Dada yangu hakukosa hasira," alisema. "Alikosa njia."

Nikamvutia kiti, nikatoa karatasi ya saa za ndege ili nimwonyeshe kwamba Kinshasa ni karibu, na hapo ndipo nilipoharibu kila kitu.

Karatasi ilisema hivi: ndege inatoka Goma saa nne asubuhi, inafika Kinshasa saa tano na nusu. Kurudi, inatoka Kinshasa saa nne asubuhi, inafika Goma saa saba na nusu. Ninyi mnajua kwa nini. Saa ya Kinshasa iko nyuma ya saa yetu kwa saa moja, na kila mji huandika saa yake. Lakini Papa Espérance alikuwa mkali wa hesabu. Alihesabu kwa vidole kwenda, akahesabu kwa vidole kurudi, akainua uso.

"Kwenda saa moja na nusu. Kurudi saa tatu na nusu."

"Hapana, Papa, zote ni sawasawa, ila..."

"Donc njia ya Kinshasa iko mutelemuko."

Jamani. Mtu wa Nyamitaba hawezi kufikiri vingine. Tangu azaliwe kila njia anayoijua ina upande wa kushuka na upande wa kupanda. Akienda sokoni anashuka akiimba, akirudi anapanda akikohoa. Na kweli, Kinshasa iko chini na sisi tuko juu, hilo alilisikia redioni. Ungemjibu nini?

"Mutelemuko njo njia mubaya kwa mutoto mwanamuke," aliendelea. "Kufika, anafika mbio. Kurudi, anachoka katikati."

"Papa, ni saa tu. Kule saa iko nyuma."

"Nyuma namna gani?"

"Wanachelewa saa moja."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na ile saa moja Espérance akienda, inabakia wapi?"

"Akirudi anaipata tena."

"Kama jembe ya kuazima," alisema, na niliona kabisa kwamba hakuniamini. Nilichukua kiazi, nikachukua tochi, nikamzungushia dunia juu ya meza. Alitazama kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kiazi ni kizuri, ni cha wapi? Nikampa. Alikitia mfukoni, akapanda zake Nyamitaba na jibu lake: msichana hatolewi.

Justin alinipigia simu kutoka Goma akiwa karibu kulia. Espérance naye alishuka mwenyewe, akasimama mahali pale pale aliposimama baba yake. Yeye hakulia. Aliniambia, "Mama Tikiti, wewe njo uliharibu, wewe njo utatengeneza." Nilitaka kumjibu kwamba aliyepanga majira ya dunia si mimi, lakini msichana alikuwa na macho ya baba yake, nikaona nifunge meza.

Nilipofika Nyamitaba nilikuta mama yake anachambua maharage. Mama Espérance alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, ambaye mumewe alidhani anamwongoza. Nilimweleza yote, saa, kiazi, mtelemko. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage. Halafu akasema, "Saa njo iko na matata. Tupime na hii."

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Justin alikuwa anarudi Kinshasa kazini juma lile. Akifungiwa mlango wa ndege, apige simu, na chungu kiwekwe motoni pale pale. Akitua apige tena, tuone maharage yamefika wapi. Na siku atakayorudi kusikia majibu ya wazee, tufanye vile vile, chungu kile kile, maharage ya gunia lile lile. Kama kurudi ni mlima, maharage yatasema. Papa Espérance alikubali mara moja. Saa hakuziamini, lakini kwa maharage hakuna mtu angemdanganya.

Siku ya kwenda ilikwisha vizuri. Mimi nilisimama juu ya jiwe nyuma ya jikoni, maana pale tu ndipo simu ilipokamata mtandao, na ukishuka jiwe unapotea. Simu ya kwanza ikaja, nikapaza sauti, chungu kikawekwa. Tulipiga soga, mvua ikanyesha, ikaacha. Simu ya pili ikaja, Justin amefika. Mama Espérance alitoa punje moja, akaiminya kwa vidole, ikapondeka. Yameiva sawasawa, bado chumvi tu. Papa Espérance naye akaminya yake, akaguna.

Siku ya kurudi ndiyo iliyokuwa na mambo. Baada ya majuma machache Justin alipiga kutoka Kinshasa, mlango unafungwa. Nikapaza sauti juu ya jiwe langu. Chungu kikakaa. Sasa pale juu ya jiwe mtu anaona ndani ya jikoni kupitia upenyo wa mbao, na mimi macho yangu ni ya kazi ya tikiti, yanaona aliyevaa suruali tatu. Mama alitoka kuchota maji. Papa Espérance akaangalia mlango, akasukuma kuni mbili motoni, kubwa, kavu. Alitaka maharage yaive haraka, yaungue kabisa kabla simu haijalia, ili kurudi kuonekane kurefu. Akarudi kwenye kiti chake, akakunja mikono kama mzee wa kanisa.

Mama alirudi. Alisikia tu jinsi chungu kinavyochemka, hata hakutazama moto. Alimwambia mumewe kwamba mbuzi amefungua kamba. Mzee akatoka kuangalia mbuzi, na mama akamimina kikombe cha maji baridi chunguni, akarudisha kifuniko. Mzee akarudi, mbuzi yuko salama. Baadaye kidogo mama akaenda kuita jirani, kuni nyingine ikaingia. Mzee akaitwa kuona ng'ombe anakohoa, maji mengine yakaingia. Mimi juu ya jiwe nilikuwa nimeuma kitambaa changu ili nisianguke kwa kucheka. Sikusema kitu. Mimi nilikuwa mtandao tu.

Simu ikalia. "Ametua!" Mama akafungua chungu mbele ya watu wote, akatoa punje, akampa mumewe. Aliiminya. Ikapondeka sawasawa, bado chumvi tu.

Papa Espérance aliitazama ile punje kwenye kidole chake muda mrefu. Alijua alichofanya, na nadhani wakati ule alijua pia kuhusu mbuzi na ng'ombe. Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatafuta chumvi.

"Haya," alisema. "Kinshasa iko chungu moya ya maharage. Kwenda moya, kurudi moya. Balete ng'ombe."

Harusi ilifanyika, nilikula vizuri, na tangu siku ile watu wa upande ule hawakuniuliza tena saa. Walikuja kwenye meza yangu na kuniuliza Bukavu ni mboga gani, Kisangani ni nini. Bukavu nilisema ni chai. Kisangani ni sombe, majani ya muhogo, lakini iliyotwangwa tayari.

Miaka miwili haijaisha, simu yangu ikalia asubuhi. Espérance. Yuko kiwanjani Kinshasa, mtoto mgongoni, tikiti mkononi. Justin alikuwa amempa dada yake friji ya nyumba bila kumuuliza mke, na alipoulizwa akajibu kwamba friji ni kazi yake, sio ya wanawake. Nilimpelekea habari Papa Espérance kwa pikipiki. Mtaniamini? Mzee alifurahi. Alivaa koti. Alichinja jogoo. Alipita kwa majirani akisema mtoto wake anakuja amekasirika, kana kwamba anakuja na diploma. Alitengeneza na hotuba ya kumsomea mkwe.

Chungu cha maharage kikaiva, Espérance akawa Goma. Lakini vijana, kutoka Goma kuja Nyamitaba je? Hilo simu zenu haziwaambii. Ilikuwa mvua. Lori lilizama kwenye matope, pikipiki zikageuka, akalala njiani kwa watu wa kanisa, kesho yake akapanda kwa miguu, mtoto mgongoni, viatu mkononi. Nilikuwa naye kutoka Masisi, kwa hiyo sikusimuliwa. Alipotokea uani kwa baba yake, alikuwa tope mpaka kiunoni. Mzee alisimama mlangoni na hotuba yake.

"Umefika na hasira yako?"

"Papa, ilibakia mu matope ya chini kule. Niko na njaa tu."

Mzee alishika kiuno. Ndege ilileta hasira ikiwa moto mpaka Goma, njia ya Masisi ikaizima. Lakini alimkalisha, akamlisha, na Justin alipofika siku nne baadaye, naye tope mpaka kiunoni, hotuba ilisomwa yote, bila kurukwa neno. Justin aliomba msamaha huku akikwangua mabuti. Espérance alirudi Kinshasa kichwa juu, na friji mpya ilikuwa ya kwake, na ufunguo wake.

Niliona uso wa Papa Espérance siku ile walipoondoka. Nilikuwa nimeuza tikiti nyingi maishani, za wafanyabiashara, za wagonjwa, za mapadri, lakini sijawahi kuona mtu aliyefurahia tikiti kama yeye. Njia ilikuwa wazi. Ilikuwa inafanya kazi yake.

Kisha vita ikafika Goma, na kiwanja kikafungwa. Mnajua hayo, mlikuwepo. Nilifunga meza yangu siku ambayo nilielewa kwamba sina cha kuuza. Wanaotaka kwenda Kinshasa sasa wanazunguka, wanavuka mipaka, wanaomba vibali, wanalala njiani, na mwanamke mwenye watoto wawili hawezi kufanya vile kwa sababu mume amesema neno baya mezani. Espérance hajafika Nyamitaba tangu wakati ule.

Mwezi uliopita Papa Espérance alishuka mpaka kwangu. Ameshazeeka, fimbo sasa ni ya kweli. Hakuniuliza umbali. Alikaa, akakataa chai, akaniomba nimpigie Justin, kwa sababu simu yake yeye anasema inakula maneno. Nilipiga. Justin akaitika.

"Mwambie," mzee alisema, akitazama chini, "asimukasirishe mutoto wangu mpaka bafungue kiwanja."

Nilimwambia Justin hivyo hivyo. Mimi nikajikuta nafuta macho kwa kitambaa, mimi mwenye kucheka mambo yote. Justin akasema, "Mama Tikiti, mwambie Papa tangu kiwanja kifungwe, vyombo naosha mimi." Nikamfikishia. Mzee hakutabasamu. Alinyoosha mkono, akataka simu, na upande wa pili akaja Espérance.

"Uko na hasira?" alimuuliza.

"Hapana, Papa."

"Hata kidogo?"

Espérance alicheka, halafu hakucheka. "Kidogo tu, Papa."

Mzee alitikisa kichwa, akashika simu kwa mikono miwili.

"Basi, uichunge muzuri. Siku batafungua, uilete huku nyumbani."